Sukari iko sawa, insulini je?

Huku kwetu mtu akisema "fulani ana sukari" hakuna anayefikiria kibakuli cha chai. Kila ukoo una wake. Sisi tunaye baba mkubwa, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kidonda cha kidole kugoma kupona. Alijulikana kuwa na kisukari siku ileile alipopelekwa kuonesha kidonda. Kabla ya hapo alikuwa mzima kabisa kwa macho yetu. Analima kihamba, anakata majani ya ng'ombe, Jumapili baada ya ibada anapata mbege yake, anatugombeza tukichelewa kupanda Krismasi. Tangu akatwe mguu ana swali moja, na huwa ananiuliza mimi kwa sababu eti mwandishi wa habari anajua kila kitu: "Hii sukari iliingia lini, mwanangu?"

Nimelikwepa hilo swali miaka mingi. Mwaka huu nikaamua kulishughulikia kama ninavyoshughulikia habari yoyote: kusoma, kuuliza watu, na safari hii kutoa damu yangu mwenyewe. Niliyoyapata ni marefu kidogo, kwa hiyo jimiminie chai. Sukari utaamua mwenyewe.

Tuanze na insulini. Ni homoni inayotoka kwenye kongosho, na kazi yake mojawapo ni kupiga hodi. Ukila ndizi, glukosi inaingia kwenye damu, insulini inakwenda kupiga hodi kwenye misuli na mafuta, mlango unafunguliwa, sukari inaingia. Kwenye ini inapeleka ujumbe mwingine: acha kutengeneza sukari, iliyopo inatosha. Sasa kuna watu ambao milango yao imekuwa migumu kusikia. Hodi moja haitoshi. Kongosho linatuma insulini mara mbili, mara tatu ya kawaida, na mlango hatimaye unafunguka. Huo ndio usugu wa insulini. Mtu huyu ukimpima sukari asubuhi hajala utakuta 5.0 au 5.2, ataambiwa yuko sawa, atakwenda zake. Na hajadanganywa, sukari kweli iko sawa. Kinachohangaika ni kongosho, na hilo hakuna aliyelipima.

Wengine hukaa hivyo miaka mingi, wengine maisha yote. Kwa baadhi kongosho linachoka, na hapo ndipo sukari inaanza kupanda. Kuna utafiti wa London uliofuatilia wafanyakazi wa serikali zaidi ya 6,500 kwa miaka mingi, unaitwa Whitehall II. Mwaka 2009 watafiti walichukua wale waliokuja kupata kisukari wakarudi nyuma kwenye vipimo vyao vya zamani. Waliona kwamba miaka kama 5 kabla ya ugonjwa kutangazwa, uwezo wa mwili kuitikia insulini ulikuwa umeanza kuporomoka kwa kasi, wakati sukari ya asubuhi ilikuwa bado inapanda taratibu tu. Ilikuja kuruka katika miaka 3 ya mwisho.

Kwa hiyo jibu la baba mkubwa, kwa kukadiria, ni kwamba iliingia zamani. Ilikuwa ndani wakati anabeba mikungu ya ndizi begani na sisi tunamwita mgumu.

Wazo kwamba kuna watu ambao insulini wanayo lakini haiwaitikii si jipya. Daktari mmoja Mwingereza, Harold Himsworth, aliliandika mwaka 1936. Tatizo lilikuwa kuipima. Insulini kwenye damu ni kidogo mno, na dunia ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walipobuni njia ya kuipima kwa kutumia mionzi. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwenzake alikuwa ameshafariki, na wafu hawapewi.

Kipimo chenye heshima kuliko vyote kwa kazi hii si rahisi hata kidogo. Unalazwa masaa kadhaa, mkono mmoja unaingiziwa insulini, glukosi nayo inaingia kidogo kidogo, damu inapimwa kila baada ya dakika chache. Hilo halitafanyika Kibosho wala Pasua. Ndiyo maana mwaka 1985 David Matthews na wenzake wa Oxford walitoa njia ya mkato ambayo mimi naipenda kwa sababu hata sisi tuliokimbia hesabu tunaiweza. Funga kula usiku. Asubuhi toa damu mara moja. Pima sukari, pima insulini. Zidisha hizo namba mbili, gawanya kwa 22.5. Jibu ndilo wanaloliita HOMA-IR. Likiwa karibu na 1, milango inasikia. Likifika 2 au 2.5 na kuendelea, watafiti wengi huanza kusema kuna usugu, ingawa mpaka hubadilika kutegemea nchi, umri na hata mashine ya maabara. Hakuna namba moja ya dunia nzima, na anayekuuzia namba moja ya dunia nzima muulize maswali.

Sasa turudi mlimani, maana damu ya watu wa Kilimanjaro imepimwa sana kuliko wenyewe tunavyojua. (Sisi ni watu wa kisusio, damu kwetu ni supu. Lakini mwoneshe Mchaga sindano uone anavyokumbuka kwamba ameacha ng'ombe hajalishwa.)

Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji 6 katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Watu zaidi ya 6,000 walinyweshwa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya masaa mawili. Wenye kisukari walikuwa chini ya mmoja kati ya 100. Watu wakashangilia, Afrika vijijini haina sukari. Lakini kulikuwa na namba ya pili ambayo haikushangiliwa: karibu watu 8 kati ya 100 walikuwa katikati, hawana kisukari lakini sukari yao ilikawia kushuka baada ya kunywa ile glukosi. Baba mkubwa alikuwa kijana wakati huo.

Mwaka 2000 ukachapishwa mwingine uliolinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, wilaya ya Hai. Ilala: asilimia 5.9 ya wanaume na 5.7 ya wanawake walikuwa na kisukari. Shari: 1.7 na 1.1. Halafu mwaka 2014 timu iliyohusisha watafiti wa KCMC na chuo kikuu cha Duke cha Marekani ikapita nyumba kwa nyumba hapa Moshi, mjini na vijijini, ikapima watu wazima 481. Matokeo yalitoka 2016: kisukari asilimia 5.7, na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano sukari yake haikuwa katika hali nzuri. Vipimo vya tafiti hizi havikuwa vya aina moja, kwa hiyo usichukue rula ukachora mstari kutoka 1989. Ila ukikaa stendi ya Moshi saa moja tu, ukahesabu mabanda ya chipsi na bodaboda zinazosubiri watu wa kwenda umbali wa dakika kumi kwa miguu, hutahitaji rula.

Utafiti ulionisisimua zaidi ni wa juzi juzi. Aprili 2025, Godfrey Temba wa hapa Moshi, Quirijn de Mast wa Radboud, Uholanzi, na wenzao walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature Medicine. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa mjini na wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Vijana wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga na nafaka wakapewa kwa wiki mbili vyakula vya mjini: soseji, mikate myeupe, chipsi. Vijana wa mjini wakarudishwa kwenye kiburu, kande na wenzake. Kundi la tatu, na hapa najua vijana wengi wangejitolea bila posho, walikunywa mbege kila siku kwa wiki moja. Damu ikatolewa kabla, baada, na tena wiki nne baadaye.

Wiki mbili tu. Waliohamia chakula cha kizungu damu yao ilionesha uvimbe-moto ukipanda, ule wa chini chini usioonekana kwa macho, na seli za kinga zikawa hazijibu vizuri zikikutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye kiburu mambo yalikwenda kinyume, uvimbe-moto ukapungua, na mbege nayo ikaonesha mwelekeo huo. Mabadiliko mengine yalikuwepo hata wiki nne baadaye. Utafiti haukuwa wa kisukari, tuwe waungwana. Lakini uvimbe-moto huo wa chini chini ni mojawapo ya mambo yanayofanya milango isisikie hodi. Nilipomsomea baba mkubwa habari ya mbege alitaka niichapishe mara mbili na nimpelekee mchungaji nakala. Nikamkumbusha kwamba waliokunywa walikuwa vijana wazima, walipewa kipimo maalumu, na ilikuwa siku saba. Alisema mimi ni mwandishi wa kuharibu habari.

Basi nikaenda kupima. Kupima sukari kwa kidole ni bei ya soda chache, karibu kila duka la dawa lenye kimashine litakupima. Kupima insulini ni habari nyingine. Nilizunguka maabara kadhaa mjini. Ya kwanza walinielewa kama naulizia dawa ya insulini wakanipa pole. Nyingine wakataka barua ya daktari. Mwishowe nikapata moja inayochukua damu na kuituma kwingine, majibu siku ya tatu, kwa bei iliyonifanya niombe kiti.

Nilikwenda na mdogo wangu. Yeye ni mpagazi wa mlimani, mgumu wa kweli, anapanda na kilo 20 kichwani pamoja na begi lake mgongoni, hana mafuta hata ya kukaangia yai. Hakuwa na haja ya kupima. Alinisindikiza kwa sababu nilimwahidi supu, na kwa kuwa naye alikuwa hajala nikamwambia atoe tu, nitalipa. "Braza, unapoteza hela," alisema. Nilidhani naandika makala kuhusu mimi, kijana wa ofisini mwenye kitambi kinachokua kama mtoto, na nilimhitaji yeye kama mfano wa mtu mzima wa afya wa kujilinganisha naye.

Mtaalamu wa maabara, dada mmoja mcheshi, alinielezea kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: damu ikishakaa kwenye chupa bado inakula. Seli zake zinaendelea kutumia glukosi, kwa hiyo ukiiacha saa moja bila kuizungusha kwenye mashine ya kuitenganisha, sukari inapungua kama asilimia 5 hadi 7. Insulini nayo inaharibika chembe nyekundu zikipasuka, kwa hiyo ukivuta damu kwa pupa umeharibu kipimo. Fikiria sasa damu iliyotolewa zahanati ya juu kabisa ya mlima saa mbili asubuhi, ikasubiri Hiace ijae, ikateremka na mashimo ya barabara, ikafika mjini saa sita. Kwa maneno mengine, kutoa damu ni kitu rahisi. Shughuli iko kwenye lile saa moja linalofuata. Kuna njia ya kudondoshea damu kwenye karatasi maalumu ikakauka, ile ambayo imetumika miaka mingi kuwapima watoto wachanga VVU, na watafiti wameonesha kwamba baadhi ya vipimo vya insulini vinaweza kufanyika hivyo. Mimi ningefurahi kuiona ikipanda mlima.

Nilimuuliza pia kuhusu njia ya mkato inayosifiwa sana mitandaoni: unachukua trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu, unagawanya kwa kolesteroli nzuri, ukipata namba kubwa wewe ni sugu. Ni rahisi, na kwa Wazungu inasaidia. Lakini watafiti wa Marekani wameonesha kwa miaka sasa kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika trigliseridi mara nyingi hubaki chini hata mwili ukiwa umeshakuwa sugu. Yaani ukijipima kwa njia hiyo unaweza kujipongeza bure. Vipimo navyo vina kwao.

Siku ya tatu majibu yakaja. Yangu: sukari 5.3, insulini 15. Zidisha, gawanya, 3.5. Hapo ndipo ningewaambia mambo ya chipsi mayai ya usiku, ya kukaa kwenye kiti masaa kumi, ya bodaboda kutoka Majengo hadi mjini kati. Daktari mmoja ninayefahamiana naye aliangalia akasema usiogope, huu si ugonjwa, ni taarifa, na una bahati kuipata sasa. Akanikumbusha utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002, ambapo watu waliokuwa karibu kupata kisukari walipunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, wakapunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa vidonge vya metformini. Sawa. Nimeanza kwenda kazini kwa miguu. Hilo tumemaliza.

Kisha akachukua karatasi ya mdogo wangu. Akanyamaza.

Sukari 6.3, insulini 4.

Fanyeni hesabu. HOMA-IR yake ni 1.1. Kwa fomula ninayoisifia tangu juu huko, yeye ni mzima kuliko mimi mara tatu. Milango yake inasikia vizuri sana. Lakini 6.3 asubuhi hujala si namba ya kijana wa miaka 24 mwembamba kama mwanzi. Shirika la Afya Duniani linahesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa sukari ya kufunga isiyo ya kawaida. Na kongosho likiona 6.3 lilitakiwa kutoa insulini zaidi, sio 4. Wale watu wa Oxford walitoa pia fomula ya pili ya kukadiria nguvu ya kongosho, ambapo 100 ndiyo kawaida. Mimi napata 167, kongosho langu linapiga kelele. Yeye anapata 29.

Daktari akanionesha utafiti wa NIMR Mwanza wa mwaka 2021. George PrayGod na wenzake walipopima insulini za watu wazima kule, wengi wao wanaoishi na VVU, kwa hiyo si picha ya kila Mtanzania, waliona kwamba kwa sehemu kubwa ya waliokuwa na kisukari au wakikaribia, tatizo kubwa lilikuwa kongosho kutotoa insulini ya kutosha, si mwili kuwa sugu. Mambo kama hayo yameonekana Uganda pia, kwa watu wembamba. Vitabu vya Ulaya vinaanza na kitambi. Huku kwetu kuna watu ambao habari yao haina kitambi kabisa. Kama ningeondoka na namba ile moja ya HOMA-IR, ningempigia mdogo wangu makofi na kumnunulia supu ya pili.

Nikamkumbuka baba mkubwa. Alikuwa mwembamba maisha yake yote. Picha yake ya ndoa shati linamcheza mwilini. Sijui ni kwa nini nilikuwa nimejijazia mimi mwenyewe kwamba ugonjwa wake utanirithi mimi kwa sababu ya tumbo langu.

Kipimo kimoja hakitoshi, daktari amesisitiza hilo mara tatu. Sukari hupanda kwa homa, kwa usingizi mbaya, kwa mashaka, na mdogo wangu alikuwa ametoka mlimani siku mbili kabla. Inabidi irudiwe, na safari hii anywe zile gramu 75 za glukosi, zilezile walizokunywa watu wa vijijini miaka ya 80, akae masaa mawili kwenye benchi, apimwe tena.

Nilimpigia simu usiku huo. Alikuwa lango la Machame anapanga mizigo, kuna wageni wa siku sita. Nilimweleza kwa kifupi. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza, "Kwa hiyo nisipande?" Daktari alikuwa amesema apande, ale vizuri, anywe maji mengi, akiona anakojoa sana au anapungua aje upesi. Nikamwambia hivyo.

"Baba mkubwa usimwambie," akasema.

Nimempigia kila jioni, mtandao unakamata kambi nyingine na nyingine haukamati. Jana alinijibu kutoka Barafu, anasema kuna baridi na mgeni mmoja anatapika. Anashuka kesho kutwa. Benchi la maabara tumeshaliwekea nafasi, Jumamosi saa moja asubuhi, bila kula.